Mkono wa Shati la Kilonzo

Mwaka wa 1999 jirani yetu Ndunge, yule wa nyuma ya msikiti hapa Machakos mjini, alifiwa na mumewe Musembi, akakaa eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba. Siku ya arobaini alikuwa anachambua maharagwe, jua linawaka vizuri tu, shemeji yake Kilonzo alipoingia bila hodi.

"Ndunge, toka. Wewe hukuwa mke wa ndugu yangu. Uko na cheti?"

"Cheti kililiwa na mchwa, na wewe unajua. Niko na mahari yangu, ile cherehani pale."

"Cherehani si ndoa! Baba yako Mkristo, hakukuozesha. Nani alishuhudia?"

"Shehe aliniozesha. Mashahidi ni mzee Mutinda na wewe mwenyewe, shemeji."

Kilonzo akacheka. "Shehe amekufa. Mutinda amekufa. Mimi sikumbuki kitu."

Ndunge hakujaliwa mtoto. Ndoa ikikataliwa, nyumba yote ni ya Kilonzo, na miaka kumi na tisa ya Ndunge inageuka uhawara. Hilo la uhawara ndilo lililomchoma.

"Sitoki," akasema. "Nitamaliza eda ya mume wangu hapa hapa. Tutakutana kwa Kadhi."

Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba Kilonzo ameenda kwa mganga. Wiki hiyo hiyo, adhana ya alasiri ilipokwisha tu, cherehani ikaanza kukanyagwa. Chumbani hamna mtu. Kanyagio linapanda, linashuka. Gurudumu linazunguka. Ungo ukamponyoka Ndunge, maharagwe yakamwagika. Halafu hasira zikampanda.

"Umetumwa unitoe? Kamwambie nimekataa!"

Kesho yake ikaja tena. Na kesho kutwa. Siku ya nne Ndunge alichoka na upuuzi huo. Akatia kidonge kizima cha uzi mweupe, akaweka chini ya sindano kipande kilichobaki kwenye sanda ya Musembi.

"Haya, shona! Nyumba hii haifugi wavivu."

Sindano ikashuka. Taratibu. Ikashona upindo. Ikafika mwisho. Ikageuka, ikachora pembetatu ndogo.

Ndunge akakaa chini. Pembetatu ile alikuwa anaijua, mtaa mzima ulikuwa unaijua. Mutinda alikuwa fundi wa nguo, na hakuna vazi lililotoka kwake bila alama hiyo.

"Mzee?" akanong'ona.

Kanyagio likasimama.

Eda ikaisha. Mbele ya Kadhi, Kilonzo alisimama na shati jipya la mikono mirefu, akakana kila kitu. Kadhi akamtaka aape.

"Weka mkono wa kulia juu ya Msahafu."

Mkono haukutoka. Mwisho wa mkono wa shati ulikuwa umeshonwa, umezibwa kabisa, hata kidole hakipiti. Uzi mweupe. Na dakika chache tu kabla, karani alikuwa ameushika mkono huo huo wakisalimiana. Karani akainama kutazama. Pembeni mwa mshono palikuwa na pembetatu.

"Ya Mutinda hiyo," bibi mmoja akanong'ona nyuma. "Wallahi ni ya Mutinda."

Kilonzo akapiga ukelele. "Nilikuwepo! Nilishuhudia, mimi na yeye! Mwambieni aniachilie!"

Kadhi hakuuliza nani. Alingoja Kilonzo atulie, akamrudia kwa swali lile lile, akaandika jibu lake. Ndoa ni sahihi. Ndunge akapata robo yake ndani ya nyumba ile, cherehani yake, na jina lake la mke. Akapita katikati ya watu kichwa juu, hakumtazama Kilonzo hata kidogo.

Nyumbani akafunua cherehani. Kidonge cha uzi kilikuwa kimekwisha, hata unyuzi mmoja haukubaki. Ndunge alishona maisha yake yote. Mkono mmoja wa shati hauli uzi kiasi hicho.

Asubuhi, mke wa Kilonzo akabisha hodi, macho yamemtoka. Aliomba makasi. Ya kukatia uzi mweupe.

Ndunge akampa. Akamwambia asisahau kuyarudisha.