Bwana Kazi Yoyote

Kila asubuhi Hellen alifagia uwanja, akabandika uji, kisha akajitwisha gunia lake la dagaa kwenda kuuza soko la Mirongo. Binti yao, Kija, alivaa sare akaenda shule. Nyumbani kwao Igoma alibaki Luhende, mume wa Hellen. Hakuna kitu kilichomchoma moyo kama kubaki yeye na kuku.

Zamani haikuwa hivyo. Luhende alikuwa fundi wa pampu katika kiwanda cha nguo cha serikali. Maji ya kiwanda yalivutwa kutoka ziwani, na yeye ndiye aliyetunza mashine na mabomba. Kisha zikaja zile siku za kubinafsisha viwanda. Kiwanda kikasimama na wafanyakazi wakapunguzwa. Neno gani hilo, jamani! Mtu anapunguzwa kama maji ya ndoo?

Siku moja zikafika habari njema. Kiwanda kipya cha kukata minofu ya sangara, kando ya ziwa, kilikuwa kinatafuta watu. Luhende akapeleka maombi. Akaitwa kwenye usaili, yaani kwenda kuulizwa maswali kabla ya kupewa kazi. Hellen alifurahi mno. Jumapili akasimama kwenye jumuiya ya kanisa lao na kusema, "Mwombeeni baba Kija. Kazi imeshapatikana."

Loo, mama huyu! Kazi ilikuwa bado.

Siku ya usaili ilipofika, Luhende aliingia chumbani. Bwana Machibya, afisa utumishi, alikuwa amekaa nyuma ya meza. Pembeni alikaa karani wake. Mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto, na nje watu walikuwa wamejipanga kwenye benchi.

"Karibu," alisema Bwana Machibya. "Unaomba kazi gani?"

Luhende aliinamisha kichwa. Kwao mtu mwenye adabu hamkodolei macho mkubwa.

"Kazi yoyote tu, mzee."

"Yoyote ipi?"

"Yoyote ile, bosi. Hata kufagia. Nisaidie tu, nina familia."

"Unajua kufanya nini?"

"Najua kidogo kidogo tu."

Bwana Machibya aliweka kalamu chini. "Ndugu yangu, hapa hatuna kazi inayoitwa yoyote. Mwingine aingie!"

Karani akacheka. Watu wa kwenye benchi nao wakacheka. Mlinzi wa getini alikuwa amesikia kila kitu. Akafungua geti na kusema kwa sauti, "Haya, Bwana Kazi Yoyote, safari njema!"

Luhende alirudi kwa miguu hadi Igoma. Masikio yalimwaka moto njia nzima.

Hellen alimpokea mlangoni. "Vipi, baba Kija?"

"Wameahirisha," alisema Luhende. "Watatuita tena."

Ndivyo alivyomdanganya mkewe. Na uongo nao una kazi zake. Kuanzia siku hiyo Luhende aliacha kwenda kwenye jumuiya. Aliacha kucheza bao na wenzake. Akikutana na mtu wa kanisani aliuliza habari za mvua, akaondoka haraka. Mkewe akimtazama, yeye alitazama ukuta. Alitaka kazi, ndiyo. Lakini zaidi ya kazi, alitaka aweze tena kumtazama Hellen usoni, na hakujua aanzie wapi.

Jirani yao mmoja alikuwa Bi Sihaba. Mama huyu alikuwa karani wa utumishi katika kile kile kiwanda cha nguo, naye akapunguzwa. Sasa alipika vitumbua. Alimwona Luhende akipita nyuma ya nyumba yake, karibu na choo, badala ya njia ya mbele.

"Wee baba Kija! Tangu lini njia ikapita chooni kwangu? Hebu njoo."

"Shikamoo, Bi Sihaba."

"Marahaba. Kaa hapo. Una nini?"

Luhende alisema hana kitu. Bi Sihaba akampa kitumbua na kungoja. Kitumbua kilipoisha, Luhende alisema yote: yoyote, kidogo kidogo, benchi, mlinzi. Machozi yalimlenga.

"Nimeaibika, mama. Mtu mzima, baba wa mtoto, nachekwa mpaka na mlinzi."

"Pole," alisema Bi Sihaba. "Lakini nikuulize. Ulipokuwa mbele ya yule bwana, ulikuwa kwenye usaili au ukweni?"

"Ukweni?"

"Ndiyo! Umeinamisha kichwa, umejibu kwa kunong'ona, umejishusha mpaka chini ya mkeka. Hiyo ni heshima ya kwa mama mkwe. Inafaa huko huko."

Luhende alicheka bila kupenda.

"Sikiliza," aliendelea Bi Sihaba. "Zamani serikali ilikuchukua, ikakupeleka idara fulani, ukafundishwa huko huko. Siku hizi mwajiri ana pengo. Anatafuta mtu wa kuliziba. Ukimwambia 'kazi yoyote', anasikia 'sina ninachojua'. Ukimwambia 'nisaidie', anasikia ombaomba. Hakukuita akusaidie. Amekuita aone wewe utamsaidia nini."

"Lakini nikisema najua, si najisifu? Mama yangu alitufundisha mtu asijisifu."

"Kusema kazi uliyoifanya kwa mikono yako si kujisifu. Kujisifu ni kusema usiyoyafanya. Kwa hiyo sema ukweli wote, na usiupunguze. Na usichokijua, sema hukijui."

Bi Sihaba alikuwa na habari nyingine. Tangazo jipya lilikuwa limebandikwa kwenye geti la kiwanda kile kile. Sasa walitaka fundi wa pampu, na usaili ulikuwa Alhamisi.

"Getini pale? Sirudi!" Luhende alisimama. "Heri nilime mihogo."

"Lima. Lakini kabla ya kulima, kaa tufanye mazoezi."

Walifanya mazoezi uwanjani. Luhende alikaa kwenye jamvi. Bi Sihaba alikaa kwenye kigoda, akajifanya bosi. "Nitazame machoni. Si kunikodolea, kunitazama tu. Haya, unaomba kazi gani?"

"Fundi… fundi wa pampu."

"Sauti imekwenda sokoni? Rudia!"

"Naomba kazi ya ufundi wa pampu."

"Hapo sawa. Mbona safari ile hukusema hivyo?"

"Safari ile nilisema kazi yoyote. Wakanicheka, wakanifukuza. Nikaenda kumwambia mke wangu kwamba wameahirisha."

Bi Sihaba alikuwa anatazama nyuma ya Luhende. Luhende akageuka. Hellen alikuwa amesimama pale na ungo mkononi. Alikuja kuurudisha.

Ardhi ingepasuka, Luhende angeingia.

"Kumbe," alisema Hellen. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Na mimi kila Jumapili naulizwa, nawajibu kwamba watakuita tena. Nawadanganya watu wa Mungu kwa mdomo wangu, baba Kija."

"Nisamehe, mama Kija."

"Sijui." Hellen aliweka ungo chini, akaketi mbali naye, upande wa pili wa jamvi. Kisha akamwambia Bi Sihaba, "Endelea kumwuliza."

Bi Sihaba aliuliza, "Taja tatizo kubwa ulilowahi kulitatua kazini."

Luhende alifikiri. "Hakuna. Nilifanya kazi za kawaida tu."

"Za kawaida!" Hellen alipandisha sauti. Hasira ilikuwa bado inamchemka. "Na magugumaji je? Yalipojaa ziwani yakaziba bomba, kiwanda kizima kikakosa maji, nani aliingia majini? Ulirudi nyumbani mikono inawasha, nikakupaka mafuta. Ukatengeneza ule wavu wa kuzuia magugu. Hilo husemi? Unasema kidogo kidogo?"

Luhende alimtazama mkewe kwa mshangao. Kwake ile ilikuwa kazi tu. Hakujua kama ni jambo la kusimulia.

"Haya, umesikia," alisema Bi Sihaba. "Hilo ndilo utakalosema."

Alhamisi Luhende alivaa shati lililofuliwa na kupigwa pasi. Alibeba cheti chake cha ufundi na barua ya kazi ya zamani. Alifika mapema. Mlinzi alimtambua.

"Aa, Bwana Kazi Yoyote! Umerudi?"

Aibu ilimpanda Luhende toka miguuni. Nusura ageuke. Lakini alisema, "Nimerudi. Leo nimekuja kuomba kazi ya pampu. Naomba unifungulie."

Mlinzi akafungua.

Ndani, Bwana Machibya alimkazia macho. "Wewe si yule wa juzi?"

"Ndiye mimi, mzee. Siku ile niliona haya kusema ninachojua. Leo nitasema." Safari hii hakuinamisha kichwa. "Mimi ni fundi wa pampu za kuvuta maji ziwani. Kabla ya kuwasha pampu naijaza maji, isije ikavuta hewa. Beringi inayoshika mhimili ikianza kulia naisikia mapema, naibadilisha kabla haijaharibu mashine."

"Na magugumaji? Yanatutesa hapa."

Luhende alieleza jinsi alivyoingia majini, na jinsi alivyofunga wavu mbele ya bomba. Karani aliacha kuandika, akasikiliza.

"Na jenereta unaijua?"

"Hapana, mzee. Jenereta sijawahi kuifungua. Nikifundishwa nitajifunza."

Bwana Machibya alitikisa kichwa kukubali. "Una swali?"

Bi Sihaba alikuwa amemwambia aulize jambo la kazi. "Ndiyo. Mdomo wa bomba lenu uko ufukweni au umeingia ndani ziwani?"

"Uko ufukweni."

"Basi hapo ndipo magugu yanaposukumwa na upepo. Inafaa bomba lisogezwe ndani."

Bwana Machibya alimtazama karani wake. Kisha akasema, "Utaanza kwa majaribio ya miezi mitatu. Njoo Jumatatu."

Luhende alimkuta Hellen Mirongo, sokoni, amekaa nyuma ya dagaa wake. Akamweleza yote, mpaka maneno ya mlinzi. Hellen alifunika uso kwa khanga, akalia. Wateja wakashangaa.

"Mimi sikuona aibu kwa sababu huna kazi," alisema. "Niliona aibu kwa sababu uliona heri umwambie jirani kuliko mimi."

Luhende alichuchumaa karibu naye.

"Jumapili sitasema kitu," alisema Hellen akifuta macho. "Utasema mwenyewe."

Jumapili Luhende alisimama mbele ya jumuiya. Alianza na yale mabaya. Alisema alikwenda kwenye usaili bila kujiandaa, akashindwa, akamdanganya mke wake, na mke wake akawaambia wao uongo bila kujua. Wengine waliinama. Kisha akasema amepata kazi ya fundi wa pampu, na anaanza kesho.

Watu wakapiga vigelegele. Luhende aligeuka kutafuta pa kukaa. Hellen alikuwa amejisogeza kwenye jamvi na kumwachia nafasi kando yake.