Aliyelala na Jawadi

Susu lilianza kuwa zito kabla mtoto hajazaliwa. Tayiba aliliona hilo, akanyamaza. Na mimi ningenyamaza, maana nani anapenda kuanza ugomvi na wifi yake kwa ajili ya kitanda cha mtoto?

Zakiya ndiye aliyelileta, kutoka soko la Kaisariya kule mjini Hufuf. Mwanamke yule masoko yalikuwa ugonjwa wake. Akisikia kuna kijiji bado wanafinyanga mitungi, ameshavaa baibui. Akisikia kuna kizee anasuka vipepeo vya miyaa, chakula kitaungua jikoni. Mumewe alikuwa akisema nyumba yao imebakiza kuwekewa mlinzi tu, watu waanze kulipa kiingilio.

Susu lenyewe lilifumwa kwa pongoo za mtende, vile vijiti vya kati vya makuti yake, jepesi la kubebwa hata kwa mkono mmoja. Fundi wake, Haji Radhi, aliyapanga masusu yote dukani kifudifudi, na alimwambia Zakiya alibebe vilevile na kuliweka vilevile mpaka siku mtoto atakapolazwa. Zakiya akamjibu kwamba amenunua susu, hakununua kobe. Akalipeleka kwa kaka yake Mansuri, akalisimamisha wazi karibu na mlango wa bustani, akalitandika shuka jeupe ili wageni wauone ufundi. Tayiba, mke wa Mansuri, alikuwa na mimba yake ya kwanza baada ya miaka mingi ya kulia usiku kwenye mto wa kulalia. Akaliacha lilivyo.

Siku moja akitaka kufagia, susu halikusogea. Akamwita mumewe. Mansuri alilivuta akihema, akasema pongoo zimenyonya unyevu wa mifereji ya bustani.

Akazaliwa Jawadi, mzima, kanenepa mashavu. Tayiba alimlaza katikati ya susu. Alipoamka kutoka usingizi wa adhuhuri alimkuta pembeni kabisa, shavu limebanwa kwenye pongoo, kama mtoto aliyeambiwa asogee mwenzake apate nafasi. Na pale katikati shuka lilibonyea.

Ikawa hivyo kila siku. Mtoto ananyonya, na bado anakonda. Hospitali wakampima, hawakuona ugonjwa. Nyumbani kukaanza harufu ya tope la mfereji na ya unga wa maua ya mtende, na msimu wake ulikuwa umekwisha zamani. Halafu adhuhuri moja, wakati mji wote umefunga madirisha na hata kunguru wamenyamaza kwa joto, Tayiba alisikia susu likilia krii, krii, taratibu, kwa mwendo wa mtu anayebembeza na kusinzia, akadhani ni Zakiya kaja kuwatembelea, akataka kumwambia aache kubembeza asije akamwamsha mtoto, mpaka alipotazama chini na kumwona Jawadi mapajani pake mwenyewe, macho wazi, anatazama upande ule ule.

Tayiba na wifi yake walikwenda kwa Haji Radhi, Zakiya kainamisha kichwa. Mzee aliuliza jambo moja tu.

"Mliliacha limekaa wazi?"

"Tangu siku niliyolinunua, Haji," Zakiya akasema kwa sauti ndogo.

"Basi mwenzenu kapita, kaona kitanda kitupu kimetandikwa, kamlaza wake. Hata wewe ungemlaza."

Tayiba akauliza kama walipindue sasa hivi.

"Umwangushe mtoto wa watu, mama yake anakutazama?" Akarudi kwenye kisu chake na pongoo zake. Alisema yeye anatengeneza masusu, kufukuza majini hajui. Walipokuwa wanatoka akaongeza, bila kuinua macho, "Ila ana njaa huyo. Anakula fungu la mwenzake."

Walipofika nyumbani Tayiba alifungua kifungo cha gauni, na Zakiya akaelewa, akamshika mkono.

"Wifi, nakuomba. Usikipe ziwa kitu usichokiona."

"Ninachokiona ni mwanangu anakwisha. Wakinyonya ziwa moja ni ndugu. Nani atamdhuru ndugu wa mwanawe?"

Alimkabidhi Jawadi kwa shangazi yake, akasimama mbele ya susu, akatoa salamu kama anayeingia nyumba ya watu. Akaingiza mikono. Kilichokuwamo kilikuwa baridi, laini kama udongo wa mfinyanzi, na kizito, na alipokiinua kikamlalia begani kama mtoto yeyote, kikahangaika kutafuta, kikapata, kikanyonya kwa uchu mpaka machozi yakamtoka, na mlango wa bustani ukafunguka nyuma yake bila upepo, na harufu ya tope ikaingia ikamzunguka, na mtu akasimama mgongoni pake akipumua polepole, na Tayiba hakugeuka, aliendelea kunyonyesha, mpaka mikono mingine ikapita chini ya mikono yake na kumpokea mtoto, kwa upole, vile wanawake wanavyopokezana watoto msibani.

Mlango ukafungwa. Zakiya alilinyanyua susu kwa vidole viwili.

Jawadi alinenepa. Akarudi kuwa na mashavu yake, akalala katikati ya mkeka amejinyoosha, na Tayiba akacheka tena. Mansuri hawakumwambia kitu, kwani mwanamume ukimwambia habari hizo atataka kuhama.

Basi adhuhuri moja Mansuri alikuwa nyumbani, anakunywa kahawa na tende, mkewe anakunja nguo za mtoto. Mlango wa bustani ukakwaruzwa, chini kabisa, karibu na kizingiti. Kisha sauti ya kitoto, iliyolowa:

"Mama, mdogo wangu kaamka?"

Mansuri akaganda na kikombe mdomoni.

Tayiba hakuacha kukunja. "Bado kalala, mwanangu," akasema. "Rudi alasiri."