Kitambaa Chekundu cha Ukumbi wa Mwisho

Jioni ile nilikwenda ghalani kumpelekea mume wangu dawa yake ya pumu. Alikuwa ameisahau juu ya friji. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mlinzi, na ilikuwa kweli. Ila moyoni nilikuwa na langu: nilikwenda kumfumania.

Mume wangu ni fundi wa maonyesho. Si yale ya picha za ukutani. Ya kwake watu huingia ndani wakatembea. Safari hii alipewa ghala zima, kubwa kiasi kwamba ukikohoa huku, unajisikia ukikohoa kule. Alijenga chumba cha ukungu, cha ngurumo, cha vioo, akaweka na wachezaji wa kucheza katikati ya watazamaji. Lakini tangu aanze ukumbi wa mwisho, nyumbani alikuja kuoga tu. Anakula huku akiitabasamia sahani. Nikimsemesha, ananiitikia "ee" ya mtu aliye mbali.

Kisha rafiki yangu, mmoja wa wale wachezaji, akaniambia kwamba wenzake wakishaondoka, fundi husikika kule mwisho akimbembeleza mtu. Nikamuuliza ni nani. Akasema hajui, hakuna mchezaji anayekubali kuingia ukumbi ule.

Nikaona ananificha.

"Pita tu, shemeji," mlinzi alisema. "Yuko kule mwisho."

Nikapita kwenye ukungu, baridi ikiniingia shingoni. Nikapita kwenye ngurumo, zilizokuwa zimezimwa. Nikapita kwenye vioo, nikajiona tuko wengi, wote tumenuna. Hapo nikavua hereni zangu nikazitia mfukoni. Tukishikana, sikutaka mtu anichane masikio.

Ndipo nikamsikia.

Ilikuwa sauti yake ya zamani, ile ya wakati ananichumbia. Ya chini... ya taratibu...

"Nivumilie. Yule nimemzoea tu."

Nikasukuma mlango.

Vitambaa vyeupe vilining'inia kutoka darini hadi sakafuni, kama nguo za mji mzima zimeanikwa. Katikati kilikuwapo kimoja tu chekundu. Mume wangu alikuwa amekaa chini mbele yake, shavu lake limekiegemea, macho kafumba.

Hapakuwa na mtu mwingine.

Hapakuwa na feni wala dirisha. Vile vyeupe vilitulia tuli. Lakini kile chekundu... kilikuwa kinapumua. Kinaingia ndani... kinatoka. Na harufu ikanijia, ya nywele zilizolowa.

Kikatuna. Kwanza bega. Kisha nyonga. Kisha uso usio na macho, ukageuka taratibu upande wangu.

"Mke mwenzangu," kilinong'ona. "Mbona umechelewa?"

Ningekuwa na akili zangu ningekimbia. Lakini wivu ulikwishanipanda kichwani. Nilikirukia nikakivuta kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu. Kikachomoka juu, kikaniangukia, kikanifunika mwili mzima.

Giza jekundu.

Kilikuwa kizito, cha moto, kama mtu anayekumbatia. Nikasikia pumzi sikioni. Haikuwa yangu. Halafu ghafla kikawa chepesi. Kitambaa tu.

Nilipojifunua, mume wangu alikuwa akilia, kifua kimembana. Nikampa dawa, akavuta, akatulia. Akanieleza palepale, bila kunitazama, kwamba alikiokota kwenye kifusi cha nyumba ya mganga mmoja aliyekufa bila kuacha mtu. Rangi ilimpendeza. Siku alipokitundika kikamwita kwa jina la utotoni, ambalo mama yake tu ndiye aliyekuwa akimwita kwalo. Kama ni jini mahaba, au ni uchawi wa marehemu, hakujua. Hakutaka kujua.

Tulikichoma nyuma ya ghala, mlinzi akituangalia. Kiliungua kama nguo yoyote ile. Maonyesho yakafunguliwa, watu wakajaa, na wengi walisimama mbele ya lile pengo katikati ya vitambaa vyeupe, wakatikisa vichwa, wakidhani ndiyo sanaa yenyewe.

Mume wangu amerudi nyumbani. Anawahi. Anacheza na watoto, ananipikia, ananishika mkono hata mbele ya mama yake. Rafiki yangu ananiambia nina bahati, na mimi nilianza kuamini.

Mpaka Jumapili asubuhi. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda nikichana nywele. Akaja, akapiga magoti mbele yangu, akanitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyapata hata siku ya harusi.

"Nilidhani nimekupoteza," alininong'oneza.

Nikamwambia nipo, nilikuwepo siku zote.

"Najua," alisema. "Nilijua hutakubali kuungua."

Nilitaka kumsukuma. Nilitaka kumwambia ni mimi, mama watoto wake. Lakini mkono wangu ukainuka wenyewe, ukampapasa kichwani, taratibu, kwa upole ambao mimi sijawahi kuwa nao. Akafumba macho kwa raha. Na mimi nikabaki humo ndani nikiwatazama, wivu ukiniunguza, bila hata mkono mmoja wa kuwatenganisha.