Ubao wa Baharanyi

Kofre ya Hilaire ilikohoa jioni ile ile ilipofungwa ukutani. Ndiyo, kofre, kile kisanduku cha elektroniki kinachoongoza umeme wa jua. Hilaire, mufanya biashara ya maharagi kutoka Butembo, alitaka ifungwe saloni, pale wageni wanaketi, juu ya kiti ambapo muke wake Kahindo alimunyonyeshea Ange, mutoto wao. Nyumba yao nzima, mutaa wa Katoyi mujini Goma, ilikuwa na nafasi, lakini yeye alitaka kusifiwa. Mutu bure kabisa!

Ukuta wa mawe ya volkano haushiki visi, yaani skrubu, vizuri, ndiyo maana mafundi wa Goma wanatanguliza ubao mukavu, kisha kofre juu yake. Fundi Baharanyi alizima umeme, akafunga sawa, mbali na maji na moshi. Ubao alikuja nao mwenyewe, umepigwa randa mbele. Hilaire, ambaye angebishana bei hata na malaika, akafurahi kuupata bila kuununua.

Kikohozi chenyewe kilikuwa kidogo, kikavu, cha mutoto. Kahindo akamutazama Ange. Alikuwa ananyonya.

— Papa Ange, umesikia?

— Ni mashine inalia. Weye unaogopa mashine sasa?

Alicheka mpaka Ange naye akaanza kukohoa. Kila kofre ilipokohoa, mutoto alijibu, na kila alipojibu alibaki mwepesi zaidi mikononi mwa mama yake, na saloni ikajaa harufu ya shitingi, yale maturubai mabichi ya kambi za wakimbizi, na moshi wa kuni zilizolowa, ingawa hakuna aliyewasha moto, na visi vikawa vinajifungua polepole, vikianguka karibu na miguu ya Kahindo, ambaye hakuthubutu kuinua macho. Asubuhi Hilaire alivikaza tena, huyo shujaa. Dawa za hospitali hazikusaidia kitu.

Kahindo akamuita mama Donatille, wa kundi la maombi la parokia. Donatille akaweka sikio ukutani, akanong'ona:

— Kuna mutoto hapa. Anatafuta mwenzake wa kwenda naye. Mufungue hii kitu leo!

Baharanyi akaishusha kofre. Nyuma ya ubao, upande ambao uvivu ulimuzuia kuupiga randa, palikuwa na musalaba na jina lililochomwa kwa musumari wa moto: Espérance.

— Uliutoa wapi? Kahindo aliuliza.

— Kanyaruchinya, kule kambini, mama. Bale bakimbizi ba Rutshuru balirudiaka kwabo. Niliona haiko na mwenyewe.

Haiko na mwenyewe! Kaburi la mutoto, na mwizi huyu anaona mbao.

Wakaurudisha kaburini. Kaburi refu la pembeni, la mutu mukubwa, nalo halikuwa na ubao, lakini hakuna aliyeuliza. Donatille akaomba, Ange akapona, akanenepa. Hilaire alichouliza ni kofre itarudi lini. Siku Kahindo alipokwenda sokoni, Baharanyi akaleta ubao mwingine, akaifunga kofre palepale, na Hilaire hakumuuliza ameutoa wapi.

Jioni Kahindo alikuwa ananyonyesha. Kofre ikakohoa, na safari hii kilikuwa kikohozi cha mutu mukubwa. Kisha sauti ya mwanamuke ikauliza, chini chini:

— Mutoto wangu iko wapi?

Hilaire alishatoka mbio, bila viatu. Ange akaacha titi, akaugeukia ukuta, akanyoosha mikono.