Risasi ya Mgongoni

Kila asubuhi Mahir alipakia kondoo kwenye pikapu, akaenda nao mnadani. Juma hili pikapu ilikuwa uani, haina kioo cha nyuma. Mahir alikuwa hospitalini, amelala kifudifudi. Risasi ilikuwa imempiga karibu na bega, kwa nyuma.

Leseni yake ilikuwa imekwisha muda. Alipokiona kizuizi cha polisi aliogopa, akageuza gari, akakimbia. Polisi mmoja akafyatua bunduki.

Leo alasiri wazee wa ukoo wa polisi yule walitarajiwa kuja kuomba suluhu. Utaratibu ulijulikana: wageni huwekewa kahawa, wala hawaigusi. Mwenyeji akisema, “Kunyweni,” basi ombi lao limekubaliwa na jambo limekwisha.

“Nitawaambia wanywe,” alisema Abu Mahir, baba wa kijana, huku akitwanga iliki. “Mwanangu alikimbia. Tuna uso gani wa kudai?”

Rudaina, jirani yao, alikuwa wakili. Alikuwa amekuja kumjulia hali mgonjwa.

“Ami, kukimbia ni kosa, na hakimu atamwadhibu,” alisema. “Lakini tangu lini leseni iliyokwisha muda ikalipwa kwa risasi?”

“Polisi ana bunduki ya serikali, binti yangu.”

“Ndiyo maana ina masharti. Haruhusiwi kumpiga mtu risasi kwa sababu tu anakimbia. Lazima kuwe na uhai wa kuokoa, wake au wa mwingine, hatari iwe papo hapo, na njia nyingine zisitoshe. Hata hapo atangulize onyo, ila kama kuonya kwenyewe kutahatarisha maisha. Mataifa yamekubaliana hivyo. Mahir alikuwa na silaha?”

“Silaha!” Umm Mahir, mama yake, alicheka kwa uchungu. “Labda yule kondoo dume mwenye pembe!”

“Alionywa?”

“Anasema hakusikia kitu ila kioo kikivunjika.”

“Basi kioo hicho msikitengeneze kwanza. Wachunguzi wakione kilivyo. Na mwombeni daktari aandike risasi iliingilia wapi.”

Abu Mahir aliweka mchi chini. “Wageni wakitoka bila kunywa, kijiji kitasema nina roho ngumu.”

“Samehe kilicho chako, Ami. Kisasi ni chako, kiache. Lakini yule hakufyatua kama mtoto wa ukoo fulani. Alikuwa amevaa sare, na sare ni yetu sote. Kama alikuwa na haki ya kufyatua au hakuwa nayo, hilo ni la mahakama.”

“Ukilizima leo, mzee wangu,” alisema Umm Mahir, “kesho polisi watamletea jirani mwanawe ndani ya sanda.”

Wageni walifika. Vikombe vikawekwa mbele yao. Mkubwa wao akasema, “Abu Mahir, tumekuja na aibu yetu. Tupe msamaha wa kijana wetu.”

Abu Mahir alisimama.

“Hakuna mtu wa nyumba hii atakayemgusa kijana wenu. Hilo nimewapa, kunyweni. Ila mjue mnakunywa kwa ajili ya kisasi tu. Kesi itaendelea.”

“Umetupa nusu kikombe, ndugu yangu.”

“Ndiyo nusu niliyo nayo. Nyingine si yangu.”

Mzee yule akanyanyua kikombe, akanywa.

Kesho yake Abu Mahir alipeleka malalamiko, Rudaina akiwa kando yake. Kesi ilichukua miezi mingi. Mahir alitozwa faini kwa kukimbia, akailipa. Yule polisi alipatikana na hatia, kwa kuwa alimpiga mtu ambaye hakutishia uhai wa yeyote. Polisi wote wa wilaya walifundishwa upya masharti ya kutumia bunduki.

Majira ya baridi, gari jingine lilikimbia kizuizi kilekile. Polisi waliandika namba yake. Dereva alikamatwa jioni, nyumbani kwake, mzima, akila na watoto wake.