Waliokaribishwa Downsview

Dada yangu Dorotea hawezi kunyamaza akibishiwa hodi. Ndivyo tulivyolelewa Moshi: mtu akibisha unaitikia, hata kama uko msalani.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwaka 2011, huko Downsview, Toronto. Dorotea alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili zilikwisha kuharibika, na hii tuliiombea sote. Alikwenda kunywa chai kwa jirani yake, Bibi Kalabi, Mchakma, kabila la milima ya Chittagong, Bangladesh, na kwa umbea wetu wa kawaida akamuuliza asili yao ni wapi.

Bibi akasimulia. Mababu zao walitoka Champaknagar, mji ambao leo hakuna ajuaye ulikuwa wapi. Mwana wa mfalme aliondoka na jeshi kwenda kupigana Arakan. Huko akasikia mdogo wake kakalia kiti cha baba yao, akasusa kurudi. Baadaye watu wake wakahamia milimani. Kisha likaja bwawa la umeme, ziwa likameza mashamba na nyumba, wakatawanyika tena, wengine hadi India.

"Ukoo wetu ukihama, huwaita marehemu kwa majina ili tufuatane nao," alisema. "Safari ile maji yalituwahi. Hatukuwaita."

Mlango ukagongwa. Taratibu.

Bibi alimshika mkono na kutikisa kichwa. Lakini mdomo wa Dorotea ulishatangulia.

"Karibuni," aliitikia, kwa Kiswahili.

Alipofungua, korido ilikuwa tupu. Ilinuka tope.

"Hawatafuti nyumba yangu," Bibi alinong'ona, akilitazama tumbo la Dorotea. "Wanatafuta pa kuingia. Wafukuze."

Dorotea alikumbatia tumbo. Aliogopa sana.

"Rudini mlikotoka."

Ghorofa ile haikuwa na mwingine ajuaye Kiswahili. Lakini alijibiwa. Sikioni kabisa. Sauti nyingi, za upole.

"Wapi?"

Mtoto akageuka tumboni mara moja, akatulia.

Alizaliwa salama, msichana, na tulimshukuru Mungu kwa machozi. Nilimpakata siku ileile hospitalini, nikafunua blanketi nimwone miguu. Nyayo zake zilikuwa ngumu. Zilikuwa na sugu na nyufa, kama za mtu aliyetembea maisha yake yote, na ndani ya nyufa mlikuwa na udongo mwekundu.

Nesi alisugua kwa pamba, akabadilisha maji, akasugua tena. Udongo uliendelea kutoka.