Walivyomnenepesha Mramba

Nyinyi mnaokutana na mtu njiani na badala ya salamu mnamtupia, "Mbona umekonda hivyo?", leo nina neno nanyi. Mimi ni Sidi, wa hapa hapa Kaloleni, na ua wangu umepakana na ua wa Mramba, yule aliyekuwa akinunua mbata, zile nazi zilizokaushwa. Haya nitakayoyasema sikusimuliwa na mtu. Niliyaona, na mengine niliyasikia kwa masikio yangu haya.

Nianze na Jumapili moja ya mwaka wa themanini na sita. Tumetoka kanisani, na Idah, mke wa Mramba, amepika wali wa nazi na kunde, nami nimealikwa. Tumekula nyuma ya nyumba, penye kivuli cha ukuta. Mramba amekula mpaka amefungua kifungo cha suruali, akajilaza chali mkekani na tumbo lake juu, akaanza kukoroma. Jamani, mtu yule alikuwa akikoroma! Watoto wake walianguka kwa kicheko. Mkubwa wao, Dena, akasema kinu cha posho kimewashwa. Mimi nilicheka pia, maana mwili ule wa Mramba ulikuwa fahari yetu sote. Tulisema huyu ni mtu aliyeshiba na mkewe anamtunza.

Mara kukoroma kukakatika.

Watoto walizidi kucheka, lakini Idah hakucheka. Alisimama na sufuria mkononi, macho yake kifuani kwa mumewe. Kifua kilikuwa kikipanda na kushuka kwa nguvu, kikihangaika, ila hewa haikutoka wala haikuingia. Midomo ilianza kugeuka rangi.

"Baba Dena!" Idah akapiga kelele, akaitupa sufuria chini, akamtikisa. "Baba Dena, amka!"

Mramba akashtuka, akavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyetolewa kisimani. Akatutazama kwa hasira.

"Nini tena? Mtu halali kwake?"

"Ulikuwa umekata pumzi, mume wangu."

"Aa! Nimelala tu. Wewe mwanamke una woga wa kuku."

Akageuka, akaendelea kulala. Idah akaketi karibu naye, na chakula chake hakukimaliza.

Basi baada ya hapo kila mtu alianza kuona mambo. Mramba alikuwa akilala mchana mbele ya watu, na mkono umeshika mizani. Wakulima waliomletea mbata walitaniana kwamba tajiri amelewa shibe. Aliamka kila asubuhi na kichwa kinamgonga, akawa mkali kwa watoto, mtu ambaye zamani hakujua kugomba. Mwisho wake, siku moja alikuwa akizigeuza mbata juu ya uchaga, moto unawaka chini, usingizi ukamchukua akiwa amesimama. Aliangukia makaa. Tulimvuta kwa miguu, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeungua mpaka kwenye kiwiko.

Idah hakungoja tena ushauri wa mtu. Alimpeleka Mombasa, kwa daktari mmoja aliyesomea ng'ambo. Nilikwenda nao kumsaidia kumshika mgonjwa, ndiyo maana najua yaliyosemwa. Daktari alimlaza, akamwangalia anavyolala, kisha akatuita.

"Mzee huyu akilala, nyama za koo zinalegea na kuziba njia ya hewa," alisema. "Kila inapoziba, moyo unapigania uhai. Na moyo wenyewe umeshachoka. Ng'ambo kuna mashine ya kupuliza hewa puani usiku kucha, lakini kwetu bado haijafika."

"Sasa tufanyeje, daktari?" Idah akauliza.

"Apunguze mwili, polepole. Mnazi asiuguse hata kikombe kimoja, maana pombe inalilegeza koo zaidi. Na asilale chali. Mtafutie kitu kigumu, ukishone kwenye fulana yake, mgongoni, ili kila akigeuka chali kimchome alale ubavu." Akamgeukia Mramba. "Na nisikilize vizuri, mzee. Utakonda, utajisikia mzima, na watu watakwambia umepona. Bado utakuwa unatibiwa. Usiache kitu mpaka mimi niseme."

Idah akarudi akaokota kidaka, kile kinazi kichanga kinachoanguka kabla ya kukomaa, akakikausha, akakitia katika kifuko cha kitambaa na kukishona mgongoni mwa fulana. Mramba alilalamika, nyinyi mnawajua wanaume. Lakini alikivaa. Akaacha mnazi. Akala mboga na samaki wa kuchoma, ugali kidogo, na kila asubuhi alikwenda kwa miguu hadi misheni na kurudi.

Na alikonda! Miezi ilipopita mkanda wake ukahitaji matundu mapya. Usingizi wa mchana ukaisha, kichwa kikaacha kumgonga, na nilimsikia akiimba kwenye mizani yake. Usiku nyumba ile ilikuwa na kimya cha watu waliolala salama. Idah alininong'oneza siku moja kisimani, "Dada Sidi, nimeanza kulala na mimi." Niliona macho yake yamejaa machozi ya furaha, nami nikamshukuru Mungu.

Kumbe midomo ya watu ilikuwa imeshaamka.

Mnakumbuka mwaka ule wa themanini na saba. Redio ilikuwa imeanza kuutaja ule ugonjwa mpya, na kila aliyekonda alizikwa na watu akiwa bado anatembea. Mramba akipita, watu wanagusana viwiko. Akinywa maji mahali, kikombe kinawekwa kando. Wengine waliosema hana ugonjwa ule walikuja na lao: mkewe ni Mkamba, na Wakamba dawa zao mwazijua, anamnyonya taratibu ili arithi biashara. Haya, mtu akinenepa analishwa na mke mwema, akikonda analiwa na mke mchawi. Hamuoni haya?

Maneno hayo yakafika Jilore, kwa mama yake Mramba, Bi. Kahonzi. Mama wa watu alimpenda mwanawe kupita kiasi, hilo siwezi kumnyima. Akafunga safari na mdogo wake Mramba, aitwaye Masha. Alipomwona mwanawe akitoka dukani na shati linampwaya, alishika kichwa akalia kana kwamba ameona jeneza.

"Shikamoo, mama," Idah akasema, amepiga goti.

Bi. Kahonzi hakuitikia marahaba. Alimwambia Mramba, "Mwanangu, nani anakula nyama yako?"

"Mama, niko mzima kuliko mwaka jana. Ni matibabu."

"Matibabu gani ya kummaliza mtu?"

Wakati huo Masha alikuwa amezunguka nyuma kunawa miguu. Fulana ilikuwa imeanikwa kambani. Akaliona lile bonge mgongoni, akalishika, akalibinya. Tulisikia ukelele. Akaja ameibeba fulana kwa ncha ya kijiti kama aliyebeba nyoka.

"Mama! Tazama kilichoshonwa katika nguo ya kaka!"

Wakaipasua mbele yetu. Kidaka kikavu kikaanguka mchangani, kimefungwa kitambaa. Watu wakawa wameshajaa uani. Lo! Mimi nimeishi na watu wetu miaka yote, na najua kitu kilichofungwa na kushonwa mgongoni mwa mume kinaitwaje. Hapakuwa na mtu wa kuuliza. Kinazi kimeanguka kabla ya kukomaa, na mwenye nyumba anapukutika. Kila mmoja alikuwa na jibu lake.

Idah alijaribu. "Mama, ni daktari aliyesema. Ni kumzuia asilale chali. Dada Sidi alikuwapo, muulizeni!"

"Ni kweli tupu," nikasema. "Nilimsikia daktari kwa masikio yangu."

"Daktari gani wa Mombasa anayetibu kwa vidaka?" Masha akauliza, na ua mzima ukacheka. "Na wewe dada Sidi, amekulisha nini huyu?"

Nilitukana siku hiyo, nawaambia. Nilimwita Masha jina ambalo siwezi kulirudia. Haikusaidia kitu.

Bi. Kahonzi alimshika Mramba mkono ule wenye kovu. "Njoo nyumbani, mwanangu. Nikulishe kwa mikono yangu, mwili urudi. Tukamwage mnazi kwa koma, mzimu wa baba yako, uchafu huu ukutoke. Ukinikataa, nitajua umeshafungwa."

Mramba alimtazama mkewe, akamtazama mama yake, akawatazama watu. Alikuwa mtu mpole, na masengenyo yalikuwa yamemchosha. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama Dena, nitakwenda siku chache tu. Wakiniona mzima watanyamaza."

"Basi mshonee kingine, mama, nakuomba," Idah akalia. "Nichukie mimi, lakini usimwache alale chali. Na mnazi asinywe. Atakufa!"

"Mmesikia?" Masha akawaambia watu. "Anamtabiria kifo."

Fulana ilichomwa pale pale uani. Idah akakatazwa kukanyaga Jilore mpaka mumewe apone.

Tulikaa wiki nyingi bila habari. Idah alipima mbata mwenyewe, na wengi hawakumletea tena. Usiku niliona taa yake inawaka. Nilimwambia alale, akanijibu kwamba anasikiliza. Anasikiliza nini, na mume yuko Jilore?

Kisha Masha akaja Kaloleni kuchukua madebe ya mnazi. Akapita kwa Idah makusudi, uso unang'aa.

"Shemeji, kaka amenawiri! Shavu limejaa, tumbo limerudi. Mbuzi, ugali, samaki wa nazi, hashibi. Na anakoroma, wallahi, mpaka ng'ombe wanashtuka zizini! Mama hana raha nyingine, anakaa mlangoni kumsikiliza. Kesho ndiyo karamu ya kuishukuru koma ya baba."

Idah alishikilia nguzo ya mlango. Masha akadhani ni aibu ya mchawi aliyeshindwa, akaondoka anapiga mluzi.

"Dada Sidi," Idah akasema, "nisindikize."

Tulitoka alfajiri. Kilifi, Malindi, halafu ile njia ya vumbi kwenda bara. Njia nzima alisema maneno yale yale tu, "Mungu, tufike anakoroma." Jua lilikuwa limeanza kuinama tulipoingia bomani. Karamu ilikuwa imekwisha. Masufuria yamezagaa, mbwa wanang'ata mifupa, wanaume wamelala huku na huku kwa mnazi. Na mlangoni mwa nyumba aliyolala Mramba, kwenye kigoda, ameketi Bi. Kahonzi, mikono mapajani, uso umetulia kabisa.

Alipotuona hakukasirika. Aliinua kidole mdomoni.

"Shhh. Msimwamshe."

"Mama, yuko wapi?" Idah akauliza.

"Amelala. Amekula vizuri, amekunywa na wazee, akaja akajilaza. Alikoroma weee, mpaka nyumba inatikisika. Watoto walitaka kuingia nikawafukuza. Sasa ametulia." Akatabasamu. "Mwanangu leo amepata usingizi wa kweli."

Idah alimpita. Nilimfuata. Mramba alikuwa chali kitandani, mnene kama zamani, mdomo wazi, midomo imegeuka rangi. Idah alimtikisa, akampiga kifuani, akamwita jina lake, akamwita baba Dena, akamwita mume wangu. Mikono ilikuwa imeshaanza kupoa. Nikatoka nje.

Bi. Kahonzi alinitazama bado akitabasamu. "Mmemwamsha?" akauliza.

Nikachuchumaa mbele yake, nikamshika mikono. Uso wake ukabadilika polepole, na sitausahau mpaka naingia kaburini.

Siku ya mazishi Masha na wenzake walitaka Idah afukuzwe. Walisema amekuja kumaliza kazi yake. Walikuwa wameshamshika mikono, watoto wanalia, ndipo Bi. Kahonzi aliposimama.

"Mwacheni mke wa mwanangu," alisema. "Yeye alisema asilale chali, mimi nikamtandikia. Alisema asinywe, mimi nikammiminia. Pumzi ilipokatika nilikuwa mlangoni, karibu kuliko nyote, na nikawaambia watu wasimwamshe. Mnatafuta mchawi? Nishikeni mimi."

Hakuna aliyemgusa. Wakaachia mikono ya Idah, mmoja mmoja, wakitazama chini.

FUNZO

Sasa sikilizeni, maana sitaki mtu aseme hakuelewa. Mtu anayekoroma sana na kukata pumzi usingizini si wa kuchekwa, ni mgonjwa, na apelekwe kwa daktari. Akiambiwa apunguze mwili, basi kukonda kwake ndiko kupona kwake. Msimlilie. Msimpelekee sahani ya pili kwa jina la mapenzi, wala kikombe cha mnazi kwa jina la mila, kwani mnazi wa koma humwagwa chini, na baba yake hakuomba mwanawe anyweshwe mpaka afe. Na wewe mgonjwa, ukijisikia mzima usiiache tiba yako ili kuwaziba watu midomo. Watasema tu. Mramba alikwenda Jilore ili wanyamaze, na mpaka leo bado wanasema.

Mtu akikonda mbele yako, muulize hali yake kwa adabu. Akikwambia anatibiwa, mwamini, na mkewe umwitikie salamu.